Mchambuzi wa ubora: kazi yake na maneno yanayochanganywa nayo

mchambuzi wa ubora (nomino, ngeli ya A-WA, wingi: wachambuzi wa ubora). Mtu ambaye kazi yake ni kupima bidhaa, huduma au mchakato kwa kulinganisha na matakwa yaliyowekwa, kufasiri matokeo ya vipimo hivyo, na kuyaripoti kwa wenye mamlaka ya kuchukua hatua.

Kishazi cha mwisho cha fasili hii ndicho kinachosahaulika mara nyingi. Mchambuzi hupima, hufasiri na hueleza. Hafungi kiwanda, hazuii shehena bandarini, hamwondoi mtu kazini. Hata hivyo, katika nyaraka nyingi zilizotafsiriwa, istilahi hii hubadilishwa kiholela na *mkaguzi*, *mdhibiti*, *mhakiki* au *mthibiti*, kana kwamba maneno hayo ni visawe. Si visawe. Kila moja limebeba kiasi chake cha mamlaka, na mfasiri anayeweka moja mahali pa jingine huhamisha wajibu kutoka kwa mtu mmodja kwenda kwa mwingine bila yeyote kati yao kutia saini.

Asili na umbo

*Mchambuzi* hutokana na kitenzi *chambua*, ambacho maana yake ya msingi ni ya mikononi: kutenga kinachofaa na kisichofaa, kipande kwa kipande. Mpishi huchambua mchicha kwa kuondoa mashina magumu na majani yaliyoliwa na wadudu. Kinu cha kuchambua pamba hutenga nyuzi na mbegu. Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa huifanya kazi hiyo hata kabla ya kinu, pale anapotenga pamba safi na pamba fifi ili kila moja iuzwe kwa daraja lake. Kutokana na maana hiyo ya mikononi ndipo zilipozuka maana za kiakili: kuchambua shairi, kuchambua sentensi, kuchambua takwimu.

Kimofolojia, neno hili limo katika kundi moja na *mkaguzi* (kagua), *mnunuzi* (nunua) na *mwamuzi* (amua). Vitenzi hivi vilikuwa na konsonanti *l* katika mzizi, ambayo ilidondoka kati ya irabu mbili lakini ikageuka *z* mbele ya kiambishi *-i* cha mtenda. Kwa upande mwingine, *mdhibiti*, *mhakiki* na *mthibiti* yametokana na vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ambavyo tayari huishia na *-i*, hivyo hupokea kiambishi awali tu. Mwanafunzi anayeandika *mchambuaji* hajakosea sarufi, maana umbo hilo hutumika kwa anayetenda kitendo chenyewe, kwa mfano *mchambuaji wa pamba*. Kwa taaluma, umbo lililozoeleka ni *mchambuzi*.

Kuna tahadhari moja ya kimatumizi. Redio na televisheni zimelisogeza neno *mchambuzi* kuelekea maana ya mtoa maoni: mchambuzi wa soka, mchambuzi wa siasa. Msikilizaji wa kawaida anaposikia *mchambuzi wa ubora* anaweza kudhani ni mtu anayetoa maoni yake kuhusu bidhaa. Kazi inayozungumziwa hapa haihitaji maoni. Huhitaji kipimo na ushahidi.

Neno *ubora* lenyewe

*Ubora* ni nomino dhahania inayotokana na kivumishi *bora*, na ndiyo maana huelemea upande wa sifa njema. Kusema kwamba kitu kina ubora ni kukisifu. Katika taaluma, hata hivyo, neno hili hutumika bila kusifu wala kulaumu. Viwango vya kimataifa vya mfululizo wa ISO 9000, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, huuchukulia ubora kuwa ni kadiri ambayo sifa za kitu zinatimiza matakwa yaliyowekwa. Kwa mantiki hiyo, ubora unaweza kuwa wa juu, wa wastani au duni, na *ubora duni* si mkanganyiko wa maneno. Dumu la plastiki lisilovuja, linalokidhi matakwa yake, lina ubora kuliko birika la fedha lenye kitundu.

Mfasiri anapaswa basi kujiuliza kama matini chanzi inakisifu kitu au inakipima. *Bidhaa yenye ubora* hufaa tangazo la biashara. Katika ripoti, *bidhaa iliyokidhi kiwango* husema jambo linaloweza kukaguliwa.

Maneno jirani

*Mkaguzi* huenda mahali, huona kwa macho, hulinganisha na kanuni, na kwa kawaida ana haki ya kisheria ya kuingia. Neno hili lina nguvu ya ziara: mkaguzi wa mabucha, mkaguzi wa magari, mkaguzi wa hesabu.

*Mdhibiti* ana uwezo wa kuzuia. Tofauti kati yake na mkaguzi inaonekana wazi katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 143, inayoanzisha cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Wengi hulisoma jina hilo kama pambo la maneno mawili yenye maana moja. Katiba haikufanya pambo. Kama mdhibiti, ofisa huyo huhakikisha kwamba fedha zinazotaka kutolewa katika Mfuko Mkuu zimeidhinishwa kabla hazijatoka. Kama mkaguzi, hupitia hesabu baada ya fedha kutumika, angalau mara moja kila mwaka. Udhibiti hutangulia na huweza kusimamisha jambo. Ukaguzi hufuata na hutoa taarifa. Anayefasiri cheo hicho kwa neno moja amefuta nusu ya kazi.

*Mhakiki* ana maana tatu ambazo hazipaswi kugongana. Katika fasihi ni msomaji mtaalamu anayeitathmini kazi ya sanaa. Katika utawala ni anayehakiki vyeti na majina. Katika vipimo ni anayethibitisha kwamba chombo cha kupimia kinasema kweli: Wakala wa Vipimo huhakiki mizani ya maduka na pampu za mafuta, na katika kituo cha Misugusugu, Kibaha, huhakiki matangi ya malori ya mafuta. Mhakiki wa vipimo hapimi bidhaa, anakipima kipimo. Mchambuzi wa ubora hutegemea kazi ya mtu huyu kuliko anavyojua mteja wake.

Neno lenye matatizo zaidi ni *mthibiti*. Wakaguzi wa shule wa zamani walibadilishiwa jina katika mageuzi ya elimu ya muongo uliopita, na kwa muda magazeti na hata nyaraka ziliandika *wadhibiti ubora wa shule* na *wathibiti ubora wa shule* kwa kupokezana. Sasa umbo linalotumika rasmi ni *mthibiti ubora wa shule* na *uthibiti ubora*. Mkanganyiko huo una sababu ya kifonetiki. *Dhibiti* na *thibiti* hutofautiana kwa jambo moja tu, ghuna na sighuna katika konsonanti ya kwanza, ilhali katika Kiarabu mizizi yake ni miwili tofauti kabisa, mmoja ukihusu kushika na kuzuia, mwingine ukihusu kuwa imara. Mzungumzaji anayetamka *zibiti* na *sibiti* hawezi kusaidiwa na sikio lake peke yake.

Nia ya mabadiliko ilikuwa kuondoa picha ya ofisa anayekuja kukamata makosa na kuweka ya anayemsaidia mwalimu kufikia kiwango. Kwa nia hiyo, *dhibiti* halikufaa, na kulikwepa kulikuwa na busara. Lakini kisarufi *thibiti* katika matumizi ya kawaida ni kitenzi kisoelekezi: *habari zimethibiti*, yaani zimekuwa za hakika. Anayefanya jambo lithibiti *hulithibitisha*, na mtenda wake ni *mthibitishaji*. *Mthibiti*, likichukuliwa kwa umbo lake tupu, ni mtu ambaye yeye mwenyewe ni imara. Cheo kimekwisha kuzoeleka na mfasiri hana budi kukiandika kama kilivyo. Hana sababu, hata hivyo, ya kukitanua hadi viwandani na maabara, ambako *uhakikisho wa ubora* hueleweka vizuri zaidi kwa kazi ya kujenga imani kwamba matakwa yatatimizwa, na *udhibiti wa ubora* kwa kazi ya kuyatimiza na kuzuia yasiyotimia.

Kazi yenyewe: mfano wa maji ya Kimara

Tofauti hizi huonekana za vitabuni hadi zinapowekwa mahali. Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro magharibi ya jiji la Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuziweka. Maji yanayochotwa Mto Ruvu na kusafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, husukumwa kwa pampu hadi matangi ya Kimara. Eneo hilo limeinuka kuliko sehemu kubwa ya jiji, na kutoka hapo maji hushuka mjini kwa uzito wake yenyewe. Upanuzi wa mtambo uliongeza uwezo wake kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa siku. Kabla ya hapo, wakazi wengi wa vilima hivyo walizoea boza na madumu ingawa matangi ya jiji yalikuwa kwao.

Lita milioni 196 hazielezi lolote kuhusu ubora. Hapo ndipo mchambuzi wa ubora wa maji anapoanza, na swali lake la kwanza si "maji yako vipi?" bali "maji yapi?" Maji yaliyo ndani ya tangi kubwa, maji ya bomba la mwisho la mtaa, maji yaliyokaa siku nne kwenye simtanki juu ya paa, na maji yaliyoletwa na boza ni vitu vinne kwa mtazamo wake, hata kama chanzo ni mto mmoja. Klorini inayowekwa mtamboni hupungua kadiri maji yanavyosafiri na kukaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hutaka walau miligramu 0.2 za klorini kwa kila lita zibaki pale maji yanapomfikia mtumiaji, na hutaka bakteria aina ya *E. coli* asionekane kabisa katika sampuli ya mililita 100. Tanzania ina kiwango chake cha maji ya kunywa, TZS 789, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, ambalo makao yake makuu yako Ubungo, mwendo mfupi kutoka Kimara kwa mabasi yaendayo haraka.

Uchukuaji wa sampuli huonekana kazi ya mtoto, na ndio unaoharibu matokeo mengi. Chupa lazima iwe imetakaswa. Bomba hufunguliwa na maji huachwa yatiririke kwanza, isipokuwa kama kinachotafutwa ni uchafu wa bomba lenyewe. Kama maji yana klorini, chupa ya sampuli ya bakteria huwekwa kemikali kidogo ya kuizimua, thiosalfeti ya sodiamu, la sivyo klorini huendelea kuua bakteria njiani, na maabara hupokea maji safi kuliko yaliyotoka bombani. Klorini yenyewe hupimwa papo hapo, kwa sababu haisubiri. Chupa hukaa kwenye kasha lenye barafu na hufikishwa maabara ndani ya saa chache. Huko maji hupitishwa kwenye kichujio chembamba, kichujio huwekwa kwenye chakula cha bakteria ndani ya inkubeta, na kesho yake vikundi vilivyoota huhesabiwa.

Hadi hapo mchambuzi amefanya kazi ya fundi wa maabara. Uchambuzi huja baadaye. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, vipimo vya klorini katika nyumba nne za mtaa mmoja ni 0.6, 0.5, 0.5 na 0.0. Wastani ni 0.4, takwimu inayopendeza na iliyo juu ya 0.2. Nyumba ya nne inakunywa maji yasiyo na kinga. Mchambuzi anayeripoti wastani peke yake hajasema uongo, ila ameificha nyumba ile. Anayejua kazi yake huripoti vipimo vyote vinne na hurudi nyumba ya nne kuuliza kama bomba lile limeunganishwa na simtanki, kama kuna mpasuko karibu, kama maji yalikuwa yamekatika jana yake.

Athari za kukosea si za nadharia. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliripotiwa kwanza Kinondoni, manispaa ambayo wakati huo Kimara ilikuwa sehemu yake, kisha ukaenea katika mikoa mingine. Katika hali kama hiyo, sentensi moja ya ripoti ya maji husomwa na daktari, na mwenyekiti wa mtaa, na mama anayeamua kama achemshe au asichemshe.

Stadi zinazohitajika

Stadi ya kwanza ni kupima kwa uangalifu, na imekwisha kuelezwa. Ya pili ni takwimu, hasa uwezo wa kutofautisha mabadiliko ya kawaida na ishara ya tatizo. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mwanafizikia wa Marekani aliyefanya kazi katika sekta ya simu, alichora chati inayoonyesha vipimo kwa mfuatano wa wakati pamoja na mipaka ya juu na ya chini. Kipimo kinachopandapanda ndani ya mipaka ni pumzi ya kawaida ya mchakato, na kukikimbilia kila kinaposhuka ni kuuvuruga. Kinachotoka nje ya mipaka kina sababu yake mahususi na kinastahili kutafutwa. Chati hiyo bado hutumika, kwa maji, kwa unga, kwa vidonge, hata kwa muda ambao mteja husubiri kwenye simu.

Ya tatu ni kusoma kiwango kama mwanasheria asomavyo sheria. *Lazima* na *inapendekezwa* ni maneno mawili tofauti. *Isizidi* na *iwe karibu na* hayapimwi kwa jicho moja. Ya nne ni ujasiri wa kuandika tokeo lisilopendwa, jambo ambalo vyuo haviwezi kulifundisha ipasavyo, lakini waajiri huweza kulilinda kwa kumtenga mchambuzi na mkuu wa uzalishaji.

Ya tano ni lugha. Matangazo ya ajira huitaja kwa maneno mawili, *mawasiliano mazuri*, kisha huisahau. Ripoti ya uchambuzi isiyoeleweka ina thamani ileile ya kipimo ambacho hakikuchukuliwa.

Katika vituo vya huduma kwa wateja, mchambuzi wa ubora husikiliza simu zilizorekodiwa na kuzipa alama kwa vigezo vilivyoandikwa. Katika kampuni za programu za kompyuta hujaribu programu ili aone inapokwama kabla mtumiaji hajakwama. Kanuni ni zilezile, isipokuwa kwamba "sampuli" ni mazungumzo au hatua za programu, na kigezo kisipoandikwa vizuri alama hugeuka kuwa hisia za anayezitoa.

Kwa wafasiri: maneno ya matokeo

*Haikugunduliwa* si sawa na *haipo*. Kifaa kina kikomo cha uwezo wake, na bakteria ambaye hakuonekana katika mililita 100 anaweza kuwamo katika lita iliyofuata. Andika *haikugunduliwa katika sampuli iliyopimwa*, hata kama sentensi itarefuka.

*Imekidhi kiwango* si sawa na *ni salama*. La kwanza hutaja kiwango ambacho msomaji anaweza kukitafuta, ndiyo maana ni vyema kukitaja kwa namba yake. La pili ni hukumu ya jumla, na mwenye kuitoa ni mamlaka ya afya, si mchambuzi. Kichwa cha habari kinachogeuza "sampuli tatu za Kimara Baruti zilikidhi TZS 789" kuwa "maji ya Kimara ni salama" kimepanua sampuli kuwa kata nzima na kipimo cha siku moja kuwa cha siku zote.

*Imefaulu* na *imefeli* hutumika sana katika mazungumzo ya viwandani na hayana ubaya huko. Katika ripoti rasmi, *imekidhi* na *haikukidhi* hufaa zaidi, kwa sababu bidhaa haifanyi mtihani.

*Sampuli* na *kielelezo* hutenganishwa hivi: sampuli huchukuliwa ili ipimwe na iwakilishe kundi, kielelezo huonyeshwa ili kieleze au kithibitishe jambo, hasa mahakamani. Sampuli moja inaweza kuwa kielelezo baadaye, lakini hapo lazima njia yake yote, kutoka bombani hadi mezani, iwe imeandikwa.

Mifano ya matumizi

Mchambuzi wa ubora aliripoti kwamba klorini haikugunduliwa katika sampuli ya bomba la mwisho. Mdhibiti ndiye aliyeagiza bomba lifungwe.

Mizani iliyotumika ilikuwa imehakikiwa, lakini mkaguzi alikuta mifuko ya unga imejazwa bila kupimwa.

Wathibiti ubora wa shule walitembelea shule tatu za Kimara na kujadiliana na walimu kuhusu maandalio ya masomo.

Kampuni inatafuta wachambuzi wa ubora wawili watakaosikiliza simu za wateja na kuandika ripoti kila wiki.